Stempu zenye chapa ya "G.R. MAFIA": nitatambuaje kama ni halisi au bandia?

Binti_wa_Tanga ameuliza:

Asalaam aleikum na habari zenu wana jukwaa. Ami yangu, aliyefariki mwaka jana, alikuwa mkusanyaji wa stempu tangu ujana wake, na mimi nimekabidhiwa albamu zake tatu. Mbili ni za stempu za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ya tatu ina ukurasa mmoja ulionishughulisha, ambao juu yake ami ameandika kwa penseli "Vita Kuu ya Kwanza, stempu za jeshi".

Katika ukurasa huo kuna stempu mbili za Kijerumani zenye picha ya meli, moja ya kijani ya heller 4 (heller ilikuwa sarafu ndogo ya koloni la Kijerumani) ambayo haijatumika na moja nyekundu ya heller 7½ yenye mhuri wa posta, na zote zimepigwa maneno "G.R. MAFIA" kwa wino wa zambarau. Ipo pia stempu ya India ya Mfalme George wa Tano yenye herufi "I.E.F.", na juu yake yameongezwa maneno "G.R. POST MAFIA". Mwisho ipo stempu kubwa ya rupia 20, iliyochapwa juu ya karatasi nyekundu, yenye herufi "G.E.A." na mhuri wa duara.

Nilizipeleka kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, naye akazitupia jicho bila hata kuzitoa kwenye albamu, akasema za Mafia zote ni bandia kwa sababu maandishi yamekaa upande na wino haujajaa sawasawa. Upande wa pili, mtu aliye ng'ambo, ambaye aliona picha nilizopiga kwa simu, anasema anazitaka zote ila nizitume kwanza ndipo alipe. Sikubaliani na wote wawili, lakini sina hoja. Naomba kuelezwa ni nini hasa huangaliwa, na nianze wapi.

Bahasha_Kuukuu amejibu:

Wa aleikum salaam, dada, na pole kwa msiba. Kwanza usitume kitu chochote kwa mtu ambaye hajalipa, hata kama maneno yake ni matamu kiasi gani. Pili, hoja ya huyo mfanyabiashara haina uzito, kwa sababu chapa halisi za Mafia nazo zimekaa upande, na wino wake mara nyingi haukujaa. Zilipigwa kwa mhuri wa mkono, moja moja, kisiwani, wakati wa vita, wala hazikupita kwenye mtambo wa kiwanda. Ukiona chapa ya Mafia iliyonyooka kama ya gazeti, hiyo ndiyo ya kuitilia shaka kwanza.

Ili vipimo vieleweke, inafaa kujua stempu hizi zilitokana na nini. Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia kutoka kwa Wajerumani Januari 1915, na sababu kubwa ilikuwa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ng'ambo ya mlangobahari. Kisiwa kikawa kituo cha ndege na meli za kuizingira, mpaka ilipopigwa na kumalizwa Julai 11 mwaka huohuo. Katika siku hizo za mwanzo, stempu za Kijerumani zilizokuwapo zilipigwa "G.R. MAFIA", na hizo G.R. ni herufi za kwanza za cheo cha Mfalme George kwa Kilatini. Wino ulikuwa wa aina tatu zinazojulikana, yaani mweusi, zambarau iliyokolea, na zambarau yenye wekundu. Mei 1915 zikafuata zenye maneno zaidi, zikitaja na thamani mpya ya senti 6. Zilipokwisha hizo, hata stempu za Kijerumani za ushuru wa bidhaa, ambazo hazikuwa za posta kamwe, zilipigwa mhuri wa duara wenye herufi "O.H.B.M.S.", yaani kwa utumishi wa Mfalme wa Uingereza, na jina Mafia, zikatumika. Baadaye zikaja stempu za India zenye "I.E.F.", yaani za kikosi cha msafara cha India, zikapigwa maneno ya Mafia juu ya chapa ambayo tayari zilikuwa nayo.

Sasa mtazame mghushi anavyofikiri. Stempu ya Kijerumani ya meli, isiyo na chapa ya juu, inapatikana hata leo kwa bei ndogo, na "I.E.F." za thamani ndogo vilevile. Anachohitaji ni mhuri wa mpira na kidau cha wino, kisha kitu cha bei ya soda kinakuwa kitu cha mnada. Ndiyo maana chapa za Mafia, karibu za kila aina, zimeghushiwa, na nyingine zilighushiwa zamani sana, kiasi kwamba wino wenyewe umeshazeeka. Stempu ya chini huwa ni halisi kabisa, na karatasi, gundi na vitobo vya ukingoni vyote huwa sahihi. Uongo wote uko katika maneno mawili ya wino. Kwa hiyo mtu akikuambia amepima karatasi akakuta ni ya kweli, bado hajakuambia lolote.

Mimi huanza na swali moja kabla ya kushika lenzi, nalo ni hili: je, stempu hii iliweza kuwapo Mafia, ikiwa haijatumika, baada ya Januari 1915? Swali hilo peke yake huondoa bandia nyingi kuliko darubini. Soma mhuri wa posta. Ukikuta mhuri wa Kijerumani wa kabla ya tarehe hiyo, au wa mji ambao mwaka 1915 ulikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, basi stempu ilikuwa imekwisha kutumika na chapa ya Mafia imeongezwa na mtu baadaye. Vilevile, Berlin iliendelea kuchapa stempu za makoloni hata baada ya vita kuanza, na baadhi ya machapisho hayo hayakufika Afrika kamwe, yaliuzwa huko Berlin kwa wakusanyaji. Chapisho la namna hiyo likiwa na neno Mafia, huna haja ya kuendelea kuchunguza.

Baada ya hapo ndipo lenzi, na lenzi ya kukuza mara kumi inatosha. Tazama mahali ambapo wino wa chapa na wino wa mhuri wa posta vimepishana. Mpangilio wa haki ni stempu chini, chapa ya juu katikati, na mhuri wa posta juu ya vyote, kwa sababu barua ilipigwa mhuri ikiwa imeshabandikwa stempu yenye chapa. Kisha tazama kingo za herufi. Mhuri wa mpira huacha wino uliosambaa kidogo ukafuata nyuzi za karatasi, na nyuma ya stempu pabaki laini. Herufi za madini ya risasi zilizochapwa kwa mtambo huacha ukingo wa wino uliosukumwa pembeni, na mara nyingi nyuma huonekana mwinuko. Printa ya nyumbani huacha vitone vya rangi mbalimbali, au utando unaong'aa kama plastiki. Kwa hiyo "G.R. MAFIA" yenye mwinuko nyuma inatia shaka, ilhali "I.E.F." au "G.E.A." isiyo na mwinuko wowote nayo inatia shaka. Wapo watu wanaotumia kipimo kimoja kwa chapa zote, na hapo ndipo wanapopotea.

Tuandikie mhuri wa ile ya heller 7½ unasomekaje.

Karani_Mstaafu amejibu:

Nakubaliana na Bahasha_Kuukuu kwa sehemu kubwa, ila katika suala la wino upi uko juu naomba nitie tahadhari. Wino mweusi mzito unaopishana na zambarau hafifu huonekana uko juu siku zote, hata kama ulipigwa kwanza, kwa sababu jicho hufuata rangi iliyokolea. Nimeona wenye uzoefu wakibishana saa nzima juu ya makutano ya mistari miwili ya namna hiyo. Uichukulie kuwa dalili, si hukumu. Ukiweza, ipige picha kutoka pande mbili kwa mwanga wa kulalia, yaani unaopiga kutoka pembeni, kisha ulinganishe.

Mimi nataka kuzungumzia rupia 20 ya "G.E.A.", yaani German East Africa (Afrika Mashariki ya Kijerumani), kwa maana hapo ndipo penye fedha na ndipo penye hila ya namna nyingine kabisa. Chapa hizi zilianza mwaka 1917 juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda, kwa ajili ya sehemu ya koloni la Kijerumani iliyokuwa chini ya Waingereza, na ziliendelea mpaka stempu za twiga za Tanganyika zilipotoka mwaka 1922. Nyingi zilichapwa London, ila mwishoni mwa kipindi hicho mpigachapa wa serikali Dar es Salaam naye alichapa chache za senti. Za thamani ndogo ni za kawaida, na sioni sababu ya mtu kujisumbua nazo.

Rupia 20 ni habari nyingine. Ni barua gani iliyohitaji rupia 20? Stempu za thamani hiyo zilitumika zaidi kwenye hati, mikataba na karatasi za serikali, zikafutwa kwa kalamu au kwa mhuri wa ofisi, na stempu iliyotumika hivyo ina bei ndogo mno ukilinganisha na iliyopita posta. Kwa hiyo mghushi hahangaiki na chapa ya "G.E.A.", ambayo ni halisi. Yeye huosha wino wa kalamu kwa dawa, kisha hupiga mhuri wa posta wa uongo mahali palepale ili kuficha doa lililobaki.

Bahati njema ni kwamba karatasi yenyewe humsaliti. Stempu hizo zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chokaa na kutiwa rangi, na dawa inayoondoa wino wa kalamu huchukua pia ule mng'ao wa chokaa na kufifisha wekundu wa karatasi. Iinamishe stempu dirishani, kama unavyotazama vumbi juu ya meza, utafute sehemu iliyopoteza mng'ao, hasa penye mstari uliolala mshazari kama saini. Geuza nyuma na ulinganishe wekundu wa katikati na wa pembeni. Ukipata taa ya mionzi ya urujuanimno, ile ambayo wengine huitumia kukagua noti, mistari ya kalamu iliyooshwa mara nyingi hujitokeza tena. Tafadhali usiiloweke kwenye maji kwa kisingizio cha kuisafisha. Rangi na chokaa vitaondoka, nawe utakuwa umemaliza kazi aliyoianza mghushi.

Kigoma_Ziwani amejibu:

Naongeza neno dogo kutoka upande wa ziwa, kwa kuwa albamu za zamani mara nyingi huchanganya. Wabelgiji nao walipoingia mwaka 1916 na kufika Kigoma na Tabora, walitumia stempu za Kongo zenye chapa ya mistari minne kwa Kifaransa na Kiflemi, isemayo kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani chini ya Ubelgiji. Hizo ni nyingi na hazina shida. Zenye shida ni zile zilizochapwa neno moja tu, "RUANDA" au "URUNDI", ambazo wakusanyaji huziita kwa jina la Jenerali Tombeur wa Ubelgiji. Halisi ni adimu sana, na bandia zimejaa, kwa hiyo ukikuta ukurasa mzima wa Tombeur kwenye albamu ya kawaida, ujue karibu wote haufai. Wareno nao walichapa "KIONGA" juu ya stempu za Lourenço Marques (Maputo ya sasa) baada ya kuchukua pembetatu ile ya kusini ya Ruvuma mwaka huohuo. Dada, kama zimo humo, ziweke kando na usiziuze kwa mkupuo pamoja na nyingine.

Binti_wa_Tanga amejibu:

Ahsanteni sana. Zamo za Wabelgiji za mistari minne, lakini hakuna yenye neno moja wala Kionga. Nimeazima lenzi kwa fundi wa saa na nimetazama kama mlivyoelekeza.

Ile ya heller 7½, mhuri wake unasomeka vizuri kuliko nilivyotarajia. Ni TANGA, na mwaka ni 11. Wino wa zambarau wa "MAFIA" unapita juu ya herufi N na G za Tanga, na penye makutano unaonekana umetulia juu kama rangi iliyomwagwa.

Ile ya heller 4 haina mhuri wa posta. Chapa ni ya zambarau yenye wekundu, herufi ya mwisho A imefifia upande wa kulia, na nyuma ni laini kabisa. Gundi imebaki kidogo tu pembeni, sehemu nyingine imeondoka, na kuna kipande cha karatasi nyembamba alichokibandika ami kuishikilia kwenye albamu. Nilipoiinua mbele ya taa niliona alama za ndani ya karatasi kama vimraba vilivyolala pembe. Ya India ina nyota ndani ya karatasi, na "I.E.F." ina mwinuko nyuma, lakini maneno ya Mafia hayana, wino wake ni wa buluu iliyofifia. Rupia 20, kwa masikitiko, ina mstari mshazari usiong'aa kuanzia kwenye kidevu cha mfalme mpaka pembeni.

Bahasha_Kuukuu amejibu:

Umetazama vizuri kuliko wengi wanaojiita wataalamu, dada.

Heller 7½ imekwisha kujieleza yenyewe. Tanga ya mwaka 1911 ilikuwa ya Wajerumani, na Waingereza walioshindwa kuiteka Novemba 1914 hawakuingia humo mpaka Julai 1916. Stempu iliyotumika Tanga miaka minne kabla Mafia haijatekwa haikuweza kusubiri kupigwa chapa hiyo. Hapa hata tahadhari ya Karani_Mstaafu kuhusu makutano ya wino haitusumbui, kwa sababu tarehe imemaliza shauri. Hata hivyo usiitupe. Iweke, kwa maana mhuri wa mpira uliotumika kwayo ni kielelezo: pima urefu wa neno MAFIA, nafasi kati ya G na R, na namna mguu wa herufi R unavyotoka, kisha linganisha na ile ya heller 4. Zikifanana nukta kwa nukta, hadi kasoro za herufi, basi zimetoka kwenye mkono mmoja na zote mbili zimekwenda. Zikitofautiana, heller 4 bado ina nafasi.

Nayo ina mambo kadhaa ya kuitia moyo. Rangi ya wino ni mojawapo ya zile tatu zinazojulikana. Alama za vimraba ni za karatasi ya Kijerumani iliyoanza kutumika kwa stempu za koloni hili katika miaka ya 1905 na 1906, kwa hiyo haipingani na mwaka 1915. Gundi iliyoondoka hainisumbui hata kidogo. Stempu iliyokaa Pwani zaidi ya miaka mia ikiwa na gundi inayong'aa kama mpya ingenishtua zaidi. Lakini yote hayo yanahusu stempu na mazingira yake, na nimekwisha sema kwamba stempu si shahidi wa chapa.

Ya India vivyo hivyo. Nyota ni sahihi, mwinuko wa "I.E.F." ni sahihi, na kwa maneno ya Mafia juu ya stempu za aina hii buluu iliyofifia inajulikana, pamoja na nyeusi yenye ukijani. Tatizo ni kwamba mghushi naye anajua hayo.

Kwa hiyo mbili hizi, kama ulinganisho wa herufi hautaziangusha, zinastahili kupelekwa kwa kamati ya wataalamu. Kamati ya Royal Philatelic Society London hupokea stempu, huzilinganisha na kumbukumbu zao za halisi na za bandia, na hutoa cheti chenye picha ya stempu yenyewe. Kabla ya hapo unaweza kuwaandikia East Africa Study Circle, ambao ni chama cha watu wanaochunguza stempu za ukanda wetu tu, na wamezoea kuona za Mafia. Cheti kina ada, na wakati mwingine kamati husema haiwezi kutoa maoni, jambo ambalo halimaanishi kwamba stempu ni bandia.

Karani_Mstaafu amejibu:

Kuhusu rupia 20, mstari huo ni wa kalamu iliyooshwa, sina shaka kubwa. Haina maana kuilipia cheti cha posta. Unaweza kuiuza kama stempu ya ushuru iliyosafishwa, ukiandika hivyo waziwazi, na wako wanaokusanya za namna hiyo kwa haki.

Juu ya kutuma, mambo mawili. Kile kipande cha karatasi nyuma ya heller 4 kiache palepale. Ukikibandua kwa nguvu utachana karatasi, na ukikilowesha unaweza kusambaza wino wa chapa. Pili, zitie kwenye kifuko laini cha plastiki kati ya makadi mawili magumu, bila gundi wala utepe kugusa stempu, na uzitume kwa rejista ukiwa umezipiga picha mbele na nyuma, vitobo vyote vya ukingoni vikionekana. Picha hizo ndizo zitakazokuwezesha, cheti kitakaporudi, kuhakikisha kwamba stempu iliyo kwenye cheti ni ileile uliyoituma. Mtindo wa kuchukua cheti cha halisi na kukiambatanisha na stempu ya bandia upo, na mnunuzi mwerevu huhesabu vitobo vya ukingo kabla ya kutoa hela.

Binti_wa_Tanga amejibu:

Nimelinganisha herufi usiku wa jana, kwa kuzipiga picha zote mbili kwa kipimo kimoja na kuziweka juu ya nyingine kwenye kompyuta. MAFIA ya heller 7½ ni ndefu zaidi kidogo, na nukta baada ya G iko juu kuliko ile ya heller 4. Herufi R nazo hazifanani. Moja mguu wake umenyooka, nyingine umepinda. Kwa hiyo nitaandika barua kwa East Africa Study Circle wiki hii nikiambatanisha picha za heller 4 na ile ya India. Yule wa ng'ambo nimemjibu kwamba haziuzwi mpaka cheti kitoke, naye hajaandika tena.